Umri, Maji na Mtaji: Hesabu ya Mfanyabiashara wa Kimisri Aliyeingia Michezo ya Kulipwa Ukubwani

   

Wahenga walituachia semi mbili ambazo hazipatani. Moja yasema samaki mkunje angali mbichi. Nyingine yasema kawia ufike. Mzazi anayempeleka mwanawe mazoezini huitumia ile ya kwanza. Mtu mzima anayenunua raba za kukimbilia baada ya daktari kumtisha hujifariji kwa ile ya pili. Mada niliyopewa leo inatulazimisha tuziweke zote mbili mezani, tuone kila moja inasema kweli mahali gani.

Mada yenyewe ni habari ya Omar Nour, Mmisri. Alikuwa mfanyabiashara. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi na mwili umeshanenepa, alipochokozwa na rafiki yake ajaribu triathloni. Akajaribu, akanogewa. Haukupita muda mrefu akawa ameufanya mchezo huo kuwa ndiyo kazi yake, akapata leseni ya mchezaji wa kulipwa, na akaanza kuipeperusha bendera ya Misri katika mashindano ya kimataifa, akiwania nafasi ya kwenda Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016.

Kwa wasioujua mchezo huu, mambo yako hivi. Mtu anaogelea; akitoka majini anapanda baiskeli; akishuka kwenye baiskeli anakimbia; na saa haisimami hata mara moja. Umbali wa Olimpiki ni mita 1,500 majini, kilomita 40 kwa baiskeli na kilomita 10 kwa miguu. Wakubwa wa dunia humaliza yote hayo kwa chini ya saa mbili.

Habari za watu kama Omar Nour huko nje husimuliwa kama miujiza ya nia: aliamua, akaweza, basi na wewe amua utaweza. Mimi sikuja kuwasimulia muujiza. Nimekuja kufungua daftari la hesabu. Nataka kuonyesha kwamba mtu aliyechelewa kuanza hufika mbali pale anapojua bila kujidanganya ni kitu gani umri umeshamnyang'anya na ni kitu gani haujagusa. Hoja zangu ni tano.

Hoja ya kwanza: mchezo wenyewe ulianzishwa na watu wazima

Tuanze na historia, kwa kuwa inaeleza kwa nini mlango ulikuwa wazi hata mfanyabiashara mnene akaweza kuingia.

Mashindano ya kwanza yaliyoitwa triathloni yalifanyika Mission Bay, San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974. Waliyaandaa wanachama wa klabu ya riadha ya mji huo, watu wa kazi zao, waliotaka kitu cha kuchangamsha mazoezi ya jioni. Miaka minne baadaye, mwezi Februari 1978, afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, aliandaa katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, mashindano yaliyounganisha safari tatu ndefu: kuogelea karibu kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Ironman. Walioanza walikuwa 15, waliomaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46.

Jiulizeni: katika wale 15, ni nani aliyefundishwa triathloni akiwa mtoto? Hakuna, wala hapangeweza kuwapo. Mchezo haukuwepo walipokuwa watoto. Wote walianza ukubwani. Shirikisho la kimataifa liliundwa Avignon, Ufaransa, mwaka 1989, na mchezo ukaingia Olimpiki Sydney mwaka 2000. Ndiyo kusema, hata leo huu ni mchezo mchanga kuliko wengi wetu tuliomo ukumbini.

Uchanga huo umeacha desturi nzuri. Katika mashindano mengi ya triathloni, watu wa kawaida hupita njia ile ile wanayopita wachezaji wa kulipwa, mara nyingi siku ile ile, na hupangwa kwa makundi ya umri: miaka 30 hadi 34, 35 hadi 39, na kuendelea hadi uzeeni. Sista Madonna Buder, mtawa wa Kikatoliki wa Marekani, alianza kukimbia akikaribia miaka 50, na mwaka 2012 alimaliza Ironman akiwa na miaka 82. Kina bibi mlio hapa, mmesikia. Wajukuu wasiwadanganye kwamba kazi yenu ni kukaa kibarazani tu.

Kwa hiyo Omar Nour hakuvunja mlango. Mlango uliachwa wazi na waliomtangulia. Ila kuingia ukumbini na kuketi meza kuu ni mambo mawili tofauti, na hapo ndipo hoja ya pili inapoanzia.

Hoja ya pili: mwili husamehe mengi, lakini maji hayasamehe

Wataalamu wa mazoezi hupima uwezo wa mwili wa kuvuta na kutumia hewa ya oksijeni mtu anapojikamua hadi mwisho. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo huo hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi baada ya umri wa miaka 30. Kwa anayeendelea kujifua, hupungua polepole zaidi. Na kwa yule aliyekuwa amekaa tu, mazoezi ya miezi michache huupandisha, hata akiwa na miaka 30 au 40. Hii ndiyo habari njema kwa waliochelewa. Moyo hujifunza upya. Misuli hujifunza upya. Uzito ukishuka, kila kilo iliyotoka ni mzigo ambao miguu haitaubeba tena kwenye zile kilomita kumi za mwisho.

Kuna kiungo kisichokwenda kwa kasi hiyo. Kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mifupa, hukomaa taratibu kuliko moyo na mapafu. Mtu mzima anayeanza mbio hujisikia ana pumzi baada ya wiki chache, akaongeza kilomita, kumbe kisigino na goti bado havijakubali. Wengi wanaoacha mazoezi ukubwani hawaachi kwa uvivu. Wanaacha kwa maumivu waliyojitafutia kwa haraka.

Sasa tuje kwenye maji. Maji ni mazito kuliko hewa kwa karibu mara 800. Mkimbiaji mwenye mwendo mbovu lakini mwenye pumzi atafika. Muogeleaji mwenye mwendo mbovu, hata awe na pumzi ya farasi, atakuwa anapigana na maji tu. Miguu ikizama nyuma, mwili unageuka breki. Kichwa kikiinuliwa kutafuta hewa, nyonga zinashuka. Mkono ukiingia vibaya, unasukuma maji chini badala ya kuyasukuma nyuma. Mtoto wa miaka saba hujifunza haya bila kujua anajifunza. Mtu wa miaka 30 hulazimika kuyafikiria moja moja, na mara anapochoka huyasahau yote.

Angalieni mifano miwili inayotajwa sana watu wanapotaka kuthibitisha kwamba umri si kitu.

Mfano wa kwanza ni Chrissie Wellington wa Uingereza. Alikuwa mtumishi wa serikali katika wizara inayoshughulikia mazingira na chakula, akafanya kazi za maendeleo Nepal, akawa mchezaji wa kulipwa mwaka 2007. Oktoba ya mwaka huo huo, akiwa na miaka 30, alishinda ubingwa wa dunia wa Ironman huko Kona, Hawaii. Akaurudia mwaka 2008, 2009 na 2011. Mfano wa pili ni Gwen Jorgensen wa Marekani, aliyekuwa mhasibu, akaanza triathloni mwaka 2010 na kutwaa dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka 2016.

Mhasibu akawa bingwa wa Olimpiki ndani ya miaka sita! Inafurahisha kuisikia. Lakini soma ukurasa wa nyuma. Jorgensen alikuwa muogeleaji tangu utotoni, na alipokuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliogelea kisha akakimbia katika timu za chuo. Wellington naye aliogelea utotoni na akiwa chuo kikuu. Wote wawili walichelewa kuingia triathloni. Hawakuchelewa kuingia majini. Samaki alishakunjwa zamani. Kilichobaki kilikuwa kumtia jikoni.

Na Kipchoge wetu, anayetajwa kila mara tunapozungumzia umri? Ni kweli alishinda marathoni ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 36. Lakini mwaka 2003, Paris, akiwa kijana mdogo, alikwisha kuwashinda Hicham El Guerrouj na Kenenisa Bekele katika mita 5,000 na kuwa bingwa wa dunia. Kudumu ni jambo moja, kuchelewa kuanza ni jambo lingine. Tusiyachanganye.

Hoja ya tatu: kanuni za mchezo humbana aliyechelewa mahali asipopatarajia

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana jambo hili halisemwi sana nje ya duara la wachezaji wenyewe.

Triathloni ya Olimpiki na ile ya Ironman ni kama michezo miwili tofauti upande wa baiskeli. Katika Ironman, ni marufuku kujibanza nyuma ya mwenzako ili akukingie upepo. Unaacha nafasi ya mita kadhaa, ukiivunja unaadhibiwa. Kila mtu hupambana na upepo wake mwenyewe kwa kilomita 180. Katika triathloni ya Olimpiki kwa wachezaji wa daraja la juu, kujibanza kunaruhusiwa tangu katikati ya miaka ya 1990. Anayepanda nyuma ya mwenzake kwa karibu huokoa robo ya nguvu zake au zaidi.

Tufanye hesabu. Tuseme wakali wanatoka majini kwa dakika 18, na mchezaji wetu aliyejifunza ukubwani anatoka kwa dakika 20 na nusu. Kwa jirani yako anayetazama ufukweni, dakika mbili na nusu ni muda wa kununua karanga. Kwa mchezaji huyu, siku yake imekwisha. Mbele kuna kundi la watu 20 wanaopokezana kuvunja upepo, wakienda zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Yeye yuko peke yake, au na wenzake wawili waliochoka. Anaweza kuwa na miguu yenye nguvu kuliko nusu ya lile kundi, na bado kila mzunguko wanamwacha. Kuna kanuni nyingine iliyo kali zaidi: kwa kuwa njia ya baiskeli huwa ni ya mizunguko, anayefikiwa na kupitwa kwa mzunguko mzima na walio mbele hutolewa mashindanoni. Hamalizi vibaya, hamalizi kabisa.

Na mpito kutoka majini kwenda kwenye baiskeli nao una darasa lake. Mchezaji anafika mbio, miguu mitupu, maji yanachuruzika. Suti ya mpira, kama maji yalikuwa ya baridi, anaivuta hadi kiunoni huku anakimbia, akifika anaikanyagia chini. Kofia ngumu lazima ivaliwe na mkanda wake ufungwe kidevuni kabla hajaigusa baiskeli. Akisahau, anapewa adhabu ya muda. Viatu vimeshabanwa kwenye pedali, vimeshikwa na vipande vya raba ili vikae sawa visiburuzike. Anaisukuma baiskeli hadi kwenye mstari, anaruka juu ikiwa inakwenda, na miguu anaiingiza viatuni akiwa tayari katikati ya kundi. Sekunde tano zikipotea pale, kundi limeshaondoka. Mambo haya mwenye miaka 14 huyacheza. Mwenye miaka 32 huyafanyia mazoezi kwenye eneo la kuegesha magari, huku walinzi wakimshangaa.

Ndiyo maana nasema Omar Nour, alipoichagua njia ya Olimpiki, alichagua njia iliyo ngumu zaidi kwa mtu wa aina yake. Rio palikuwa na nafasi 55 tu za wanaume kwa dunia nzima. Nafasi hizo hutafutwa kwa pointi zinazokusanywa katika mashindano ya mabara na ya dunia kwa takriban miaka miwili, na pointi hazipatikani nyumbani. Ni kupanda ndege, kushuka, kushindana, kufungasha baiskeli sandukuni, kupanda ndege tena.

Hoja ya nne: mtaji wa mfanyabiashara, na hatari yake

Mtu mzima haingii michezoni mikono mitupu. Mfanyabiashara huingia na vitu ambavyo kijana wa miaka 18 hana.

Kwanza, anajua kupanga. Mchezaji wa kulipwa wa triathloni hufanya mazoezi saa 20, 25, wakati mwingine 30 kwa wiki, yamegawanywa katika fani tatu, na kati yake ale, alale, afanyiwe masaji, aoshe baiskeli. Aliyewahi kuendesha kampuni anaelewa kwamba kulala kwa muda wa saa nane ni sehemu ya kazi, kama vile kufunga hesabu za mwezi.

Pili, anajua kuuza. Wengi hudhani mchezaji wa kulipwa hulipwa mshahara. Leseni ya kulipwa haina mshahara ndani yake. Inakupa haki ya kusimama kwenye mstari wa mbele na kugombea zawadi zinazoishia kwa wachache wa mwanzo. Kilichobaki ni wadhamini, na mdhamini hutafutwa kwa barua, mikutano na kukataliwa. Mtu aliyezoea kuambiwa hapana na wateja huvumilia kazi hiyo kuliko kijana ambaye hajawahi kuuza hata vocha.

Tatu, anajua kusoma matokeo bila kujipendelea. Mfanyabiashara akiona bidhaa haitoki, hailaumu serikali pekee. Anatazama bei, anatazama mahali, anabadilisha.

Lakini mtaji huo una hatari yake. Mfanyabiashara amezoea kwamba fedha hupunguza muda: ukitaka nyumba iishe upesi, ongeza mafundi. Mwili haukubali mpango huo. Kano haisikii habari ya mafundi wa ziada. Na majini, baiskeli ya bei kubwa haina msaada wowote.

Hapa niseme neno ambalo huenda lisiwafurahishe wote. Baiskeli nzuri ya mashindano huzidi bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Kijana anayeendesha hiyo bodaboda huenda ana mapafu bora kuliko wafanyabiashara wote wa Kairo, na wa mji huu pia. Hana miezi sita ya kukaa bila kipato huku akijifunza kuogelea. Tukisimulia habari ya Omar Nour kana kwamba ni suala la nia peke yake, tunamtukana kijana yule, maana tunamwambia kwamba hajafika kwa kuwa hakutaka. Nia ilikuwepo kwa Nour, na tumpe haki yake. Fedha za kuanzia zilikuwepo pia.

Hoja ya tano: matokeo yasomwe kama yalivyo

Omar Nour hakufuzu Rio. Naisema wazi, kwa sababu wasimuliaji wengi huipita sentensi hiyo mbiombio. Katika mbio hizo za Rio, ndugu wawili wa Uingereza, Alistair na Jonathan Brownlee, walichukua dhahabu na fedha, na shaba ikaja Afrika kupitia Henri Schoeman wa Afrika Kusini. Na Schoeman ni nani? Kaka yake, Riaan, aliogelea kwa ajili ya Afrika Kusini katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Nyumba nzima ya majini. Mnaona jinsi hesabu ya hoja ya pili inavyorudi na risiti mkononi.

Baada ya Rio, Nour hakurudi ofisini kunyamaza. Mwezi Desemba 2017 yeye na rafiki yake Omar Samra, Mmisri wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2007, waliingia katika mashindano ya kuivuka bahari ya Atlantiki kwa kupiga makasia, kutoka La Gomera katika visiwa vya Canary hadi Antigua, safari ya karibu kilomita 5,000. Hawakuwa wapiga makasia wa jadi. Wakiwa siku chache tu baharini, dhoruba ikaipindua mashua yao. Wakasubiri baharini kwa saa nyingi hadi meli ya mizigo ilipowafikia na kuwapandisha kwa shida katikati ya mawimbi. Mwaka 2019 filamu iitwayo *Beyond the Raging Sea* ilisimulia mkasa huo, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likashiriki, ili kuwakumbusha watazamaji wale wanaovuka bahari katika vyombo vibovu bila medali mbele yao wala meli inayojua walipo.

Basi tukijumlisha: Olimpiki hakwenda, Atlantiki hakuivuka. Je, alishindwa? Kwa kipimo cha medali, ndiyo. Lakini mtu aliyeanza akiwa na miaka thelathini hivi, akashindana daraja la juu la dunia kwa miaka kadhaa, amefanya jambo ambalo wengi walioanza na miaka kumi hawakulifanya. Vipimo vyote viwili ni vya kweli, na msomi mwaminifu huvitaja vyote viwili.

Kuna kipimo cha tatu, nacho ndicho ninachokithamini zaidi: aliyechelewa anawaachia nini wanaokuja? Misri haikukosa waogeleaji. Mwaka 1950 Hassan Abdel Rehim alishinda mashindano ya kuuvuka mlango-bahari wa Uingereza na Ufaransa. Baada yake akaja Abdellatif Abouheif, muogeleaji wa masafa marefu aliyejulikana duniani kote. Miaka ya karibuni Farida Osman alishinda medali za shaba katika ubingwa wa dunia wa kuogelea mwaka 2017 na 2019. Mabwawa yapo, hasa katika vilabu vya wanachama, ambavyo vingine vina zaidi ya karne. Kilichokuwa haba ni watu wanaoiona triathloni kama njia ya maisha. Miaka hiyo hiyo Nour alipokuwa akihangaikia pointi, utamaduni wa mazoezi ulikuwa ukichipuka Kairo: tangu mwaka 2012 kundi la Cairo Runners limekuwa likiwakusanya watu Ijumaa alfajiri, kabla foleni za magari hazijaamka, kukimbia katika barabara ambazo siku nyingine haziwezi kuvukwa hata kwa dua.

Na mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, jina la Misri lilionekana kwenye orodha ya triathloni ya wanawake. Aliyekuwa ameivaa bendera ni Basmla Elsalamoney, msichana wa miaka ishirini na kitu. Sidai kwamba Nour ndiye aliyempeleka; alijipeleka kwa jasho lake na la makocha wake. Ninachodai ni kwamba mahali ambapo mfanyabiashara wa umri wa Nour alishindwa kufika, msichana wa umri wa Basmla alifika, na mpangilio huo haukuwa wa bahati. Ndivyo hesabu inavyodai. Aliyechelewa huufanya mchezo ujulikane na uonekane unawezekana. Aliyewahi ndiye anayekuja kuuchezea mahali pakubwa.

Kwa kumalizia

Mheshimiwa Mwenyekiti, mbele yetu kuna tarehe za kuangalia. Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangwa kufanyika Dakar, Senegal, mwishoni mwa mwaka 2026, ya kwanza ya Olimpiki katika ardhi ya Afrika, na triathloni imo. Baada yake ni Los Angeles mwaka 2028. Waafrika watakaoshindana huko tayari wako majini sasa hivi, asubuhi na jioni. Tujiulize wangapi kati yao wanazungumza Kiswahili.

Sisi tunaishi kando ya bahari ya Hindi na maziwa makubwa, na bado watoto wetu wengi hawajui kuogelea, wala hatuhitaji mashindano ili kuona gharama yake. Wavuvi wetu na abiria wetu wanaijua gharama hiyo. Kule Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kujisitiri, na hakuna mila iliyovunjika. Lililowezekana Nungwi laweza kufanyika Kisumu, Mwanza, Bujumbura na Tanga.

Kwa hiyo nina maombi matatu, kisha nikae.

Kwa ndugu zangu wafanyabiashara mliovuka miaka 30, na 40, na zaidi: anzeni. Nendeni kwa daktari kwanza, mpimwe moyo na shinikizo la damu. Tafuteni kocha wa kuogelea kabla ya kutafuta baiskeli. Ongezeni kilomita pole pole hata pale pumzi inapowaambia mnaweza zaidi. Na mkifikia kiwango chenu, msione haya kwamba si cha Olimpiki.

Kwa wenye nafasi miongoni mwenu: ile fedha ambayo mngeiongeza kwenye baiskeli yenu ya pili, lipieni mwaka mmoja wa mwalimu wa kuogelea katika shule moja ya msingi ya serikali. Hapo ndipo umri unapoweza kununuliwa, na si mahali pengine.

Na kwa wasimamizi wa michezo walio ukumbini: wekeni kuogelea katika ratiba ya shule kama somo la kuokoa maisha, lianze kabla mtoto hajafika miaka kumi, na wapeni walimu wake mafunzo na vifaa. Medali zikija, tutazipokea kwa vigelegele. Zisipokuja, tutakuwa na kizazi kisichozama.